Nyota Zilizopigwa Muhuri

Mama Salomé Kabedi hakuwahi kubandua stempu ya barua ya mtu bila ruhusa ya mwenye barua. Wako waliofanya kazi ya posta wakadhani kwamba karatasi ndogo kiasi kile haina mwenyewe. Yeye aliona kwamba kitu kidogo kina mwenyewe kama kikubwa, na kwamba anayechukua kidogo anaufundisha mkono wake kuiba. Kwa hiyo, miaka yote aliyokaa nyuma ya dirisha la posta hapa Kamina, kusini mwa Kongo, kila stempu iliyoingia katika albamu yake iliingia kwa kuombwa.

"Papa, ukimaliza kusoma, ile tembre utanipatia?"

Wengi walicheka. Wengi walirudi nayo, imekatwa pamoja na kipande cha bahasha, naye akailoweka nyumbani katika sahani ya maji ya vuguvugu mpaka ijiachie yenyewe. Kisha aliikagua. Stempu ina meno pembeni, na ikipungukiwa jino moja tu, kwake haikuingia. Aliirudisha kwa aliyempa na kumshukuru.

Tena hakutaka stempu zote. Alitaka za nyota, na hasa zenye picha za zile nyumba za kale za kutazamia nyota. Ya kwanza aliipata akiwa karani mpya, mwaka ule nyota yenye mkia ilipopita na nchi nyingi zikaitolea stempu. Barua ilikuwa ya Mireille, muuguzi wa misheni, na juu yake palikuwa na jengo lenye paa la mviringo lililopasuka katikati kama kibuyu. Salomé aliomba, Mireille akampa, na hata aliporudi kwao Ulaya hakuacha kumletea nyingine kwa barua.

Aliyemweleza lile paa ni Jessé, mwalimu kijana wa jiografia, ambaye siku hizo alikuwa akija posta kununua stempu hali hana barua ya kutuma.

"Iko nyumba ya kuangalia," Jessé alimwambia, ameegemea dirisha kana kwamba nyuma yake hakuna foleni. "Mule ndani muntu anaangalia nyota, kisha anaandika kile aliona. Hapana kile alitaka kuona. Kile aliona."

"Na kama hakuona kintu?"

"Anaandika: sikuona kintu."

Salomé aliolewa na Jessé, na watu waliouliza sababu hawakuelewa alipojibu kwamba ni kwa ajili ya neno hilo.

Sasa Jessé ni marehemu, Salomé amestaafu, na barua za kuandikwa kwa mkono zimekuwa chache hata watoto wa mtaa wakiona bahasha yenye stempu huuliza ni kitu gani. Lakini kila Jumapili, akitoka kanisani na kula bukari yake, yaani ugali, hukaa penye mwanga wa dirisha, akavaa miwani, akachukua kibano na kufungua albamu. Yuko mfalme wa Samarkandi mwenye kilemba. Ziko ngazi za mawe za Jaipur, kule India, zinazopanda mbinguni bila nyumba. Iko nyumba ya Grinichi juu ya kilima chake, ambako walikubaliana kuanza kuhesabu mistari ya ramani. Karibu zote zina mduara mweusi wa muhuri wa posta, na hivyo ndivyo alivyozipenda. Stempu isiyo na muhuri, alisema, ni mtu aliyevaa suti akakaa nyumbani.

Mambo yalianza siku wazazi wa Christophe walipokuja kujitambulisha. Christophe ni fundi umeme, kijana mpole, na alikuwa amemchumbia Glodie, binti wa mwisho wa Salomé na pekee aliyebaki nyumbani. Baba yake ni ajuda wa jeshi, mstaafu asiyesema mengi. Mama yake, Mama Agar, husema kwa wawili. Alizaliwa Mbandaka, akamfuata mumewe kutoka kambi hadi kambi mpaka wakatua huku base, kambi ya jeshi iliyo nje ya mji, ambako anakausha na kuuza samaki wa Bukama. Alimpenda Glodie tangu siku ya kwanza. Aliingia akiimba, akamkumbatia kila aliyesimama karibu, akamwita Salomé "bokilo", yaani mkwe kwa lugha ya kwao, na akaonja kila sahani kabla ya kukaribishwa.

Walipokuwa wakila, jicho lake likaangukia rafu.

"Bokilo, ile kitabu kubwa iko Biblia ya familia?"

Salomé, ambaye kwa kawaida hapendi kujionyesha, siku hiyo alikuwa na furaha. Aliishusha albamu.

"Hapana, mukwe. Hii njo mali yangu. Iko manyota."

"Manyota?"

"Ya kila inchi. Nilianza kuyakusanya mbele Glodie azaliwe."

Mama Agar aliinama. Aliona nyota, na juu ya kila nyota doa jeusi.

"Na huu weusi?"

"Ile ni muhuri! Zote zilipigwa muhuri. Yenye haina muhuri, minyi siitafutake sana." Salomé akacheka kwa raha. "Njo ilikuwa kazi yangu, mukwe. Maisha yangu yote nilikuwa napiga muhuri."

Mama Agar alirudisha tonge la bukari kwenye sahani. Tangu hapo hakuimba tena, na waliondoka mapema.

Msomaji asiyejua vyumba vya maombi vya siku hizi huenda asielewe. Huko hufundishwa kwamba kila mtu huzaliwa na nyota yake, ndiyo bahati yake, na kwamba adui, mlozi yaani mchawi, huweza kuiiba, akaifungia mahali, akaitia muhuri. Na tangu siku hiyo mtu hapati kazi, hapati mtoto, hapati kitu. Mama Agar alikuwa akisali katika chumba kama hicho. Sasa alikuwa ameketi mezani na mwanamke aliyemwambia kwa mdomo wake, tena kwa kucheka, kwamba amekusanya nyota za kila nchi na kazi ya maisha yake ni kuzipiga muhuri.

Siku mbili hazikupita, Glodie akaja na simu mkononi. Mama Agar alikuwa ametuma ujumbe wa sauti.

"Glodie, mwana wangu, nakupenda, Mungu anajua. Lakini ile kitabu ya mama yako ichomwe. Ichomwe mbele ya macho yangu. Mbele ya pale, nyota ya Christophe wangu haiingie mu ile nyumba. Baada ya moto, tutaongea arusi."

Salomé alicheka. Kisha akaona kwamba Glodie hacheki.

"Mama, weye ulisema unapiga muhuri."

"Nilisema ukweli. Nilitumika ku poste."

"Poste haukuitaja, mama. Hata mara moja. Minyi nilikuwa pale."

Salomé akajaribu kukumbuka, na ilikuwa kweli. Mjini nani hakujua kwamba Mama Salomé ni wa posta? Lakini Mama Agar hakuwa wa mjini.

"Basi mumwambie."

"Christophe alishamwambia. Anajibu: na mulozi iko na kazi yake ya muchana." Glodie akapiga magoti kando ya kiti cha mama yake, jambo ambalo hakulifanya tangu utoto. "Iko makaratasi, mama. Choma tu. Minyi nakuomba."

Salomé aliweka mkono juu ya kichwa cha bintiye.

"Nikichoma, ule moto utasema nini? Utasema kulikuwa kintu ya kuchoma. Utaolewa mutoto wa mulozi mwenye alitubu. Siku Christophe atakosa kazi, batakumbuka moto. Siku utachelewa kuzaa, batakumbuka moto. Na bataniuliza nyota zingine nilizificha wapi."

"Na nisipoolewa?"

Salomé akainuka, akajifunga kitenge, akatoka.

Alikwenda kwa Pasta Philémon, ambaye aliwahi kuwa mwanafunzi wa Jessé. Pasta alimsikiliza kwa heshima. Akasema kwamba yeye anajua, Mungu anajua, na kanisa zima linajua kwamba Mama Salomé ni mtu safi. Ikiwa karatasi zinasimama kati ya watoto wawili na ndoa, basi mama atoe karatasi, apate amani.

"Pastor, kumushuhudia jirani uwongo iko zambi?"

"Iko zambi, mama."

"Na kujishuhudia uwongo minyi mwenyewe?"

Pasta alitafakari, kisha akasema kweli kwamba hajui, ila atamwombea. Salomé alimshukuru. Alipendelea kuambiwa "sijui" kuliko kupewa jibu la haraka.

Nyumba ikawa kimya. Glodie alikuwa na desturi ya kuimba sauti yake ya alto ya kwaya akifagia ua. Sasa alifagia tu. Hakununa, hakujibu vibaya, na hilo ndilo lililomuuma mama yake. Mtoto mkaidi ungemkemea, lakini huyu alikuwa akiomba kitu ambacho kila mama angependa kutoa.

Jumamosi moja mchana, maharagwe yakichemka juu ya mbabula, jiko la makaa, Salomé aliingia ndani akatoka na ukurasa mmoja wa albamu. Ulikuwa ukurasa wa Samarkandi. Alisogeza sufuria kando, akachuchumaa, akauinamisha juu ya makaa. Aliona ukingo wa karatasi ukigeuka rangi ya chai.

Alijaribu kutunga maneno ambayo angemwambia Mama Agar. "Nimechoma kwa sababu." Kwa sababu gani? Kila alichokiweka baada ya "kwa sababu" kilikuwa uongo, isipokuwa kimoja, kwamba aliogopa. Na kwa maisha yake yote alikuwa amewafundisha watoto wa Shule ya Jumapili kwamba hofu si sababu. Kile aliona, Jessé alisema. Hapana kile alitaka kuona. Yeye, katika albamu ile, alikuwa ameona nini? Stempu.

Aliuvuta ukurasa. Alirudisha sufuria, akamwita Glodie aangalie maharagwe, akavaa kitenge cha kanisani, akaifunga albamu katika kitambaa cha meza na kupanda pikipiki kwenda base.

Mama Agar alikuwa uani, akigeuza samaki juu ya wavu wa moshi. Alipoona kitambaa alijua kilichomo.

"Umeileta tuchome?"

"Nimeileta. Moto naona weye unayo, mukwe, lakini sikuje kwa moto." Salomé alibaki amesimama, kwa kuwa hajakaribishwa. "Kitabu sitachoma. Lakini minyi sikamatake kintu ya muntu. Kama nyota ya Christophe iko humu, iko ya Christophe. Unionyeshe ni ipi. Nitakupa mu mukono, sasa hivi, uende nayo."

Mama Agar hakulitegemea hilo. Alikuwa amejiandaa kwa machozi au kwa ugomvi. Aliosha mikono kwa sabuni, mara ya pili kwa ndimu, akaketi juu ya mkeka, na baada ya kusita akampisha Salomé nafasi pembeni yake. Akafungua albamu kwa ncha ya kidole.

Sasa, anayetafuta lazima atazame, na asiyejua anachotazama lazima aulize.

"Hii?"

"Grinichi, kwa Baingereza. Banaanzia pale kuhesabu ramani ya dunia."

"Nani alibaambia baanzie kwao?"

"Balipatana, balikuwa bengi. Bafaransa balitaka kwao."

"Eh, na bao banagombana." Akafunua. "Na hii ngazi? Inapanda wapi? Haina nyumba juu."

"Iko India. Ngazi yenyewe njo chombo. Kivuli yake inaonyesha saa."

"Ngazi ya kupandisha kivuli!" Mama Agar alianza kucheka, akakumbuka kwamba hakupaswa, akakohoa. "Na huyu mwenye kitambaa ku kichwa?"

"Mufalme wa Samarkandi. Alijenga nyumba ya nyota, akazipima na akili. Vita haikumupendezaka sana."

"Mufalme wa kukimbia vita. Ajuda wangu asikie ile." Aliusogeza ukurasa karibu. "Huku ukingoni imeungua."

"Niliiweka ku moto leo," Salomé alisema. "Kisha nikaitoa."

Mama Agar alimtazama. Akaendelea kufunua, ukurasa baada ya ukurasa, kuba, darubini, vimondo, nchi ambazo majina yake aliyasoma kwa silabi. Ukurasa wa mwisho ulipofika, alirudi mwanzo, akapita tena haraka kama mtu aliyepoteza ufunguo.

"Na ya Kongo iko wapi?"

"Haiko. Sijapata."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Mama Agar aliifunga albamu kwa mikono miwili, na uso wake ukafunguka kama siku ile alipoingia akiimba.

"Basi! Christophe nilimuzaa hapa hapa, ku hospitali ya basoda, mu kambi. Nyota yake iko ya Kongo! Humu muko za Baingereza, za Bahindi, za bafalme. Ya mwana wangu haimo. Mambo imeisha, bokilo! Nitabaambia bamama ba maombi: nimeangalia yote, ya kwetu haimo. Tuongee arusi!"

Salomé alisikia kila neno. Harusi ilikuwa mbele yake, juu ya mkeka, kama kitu cha kuokota tu. Alitakiwa aseme "ndiyo". Hata hakutakiwa aseme, angetikisa kichwa. Aliwaza Glodie akifagia bila kuimba. Moshi wa samaki ulimwingia machoni, akayapangusa kwa ncha ya kitenge.

"Mama Agar," alisema, "nyota hazina inchi."

"Unasema nini?"

"Hazina inchi. Zenye ule mufalme alipima, nyingi tunaziona na siye hapa Kamina. Kama nyota ya muntu ingeweza kufungwa mu kitabu, ya Christophe ingekuwa humu sawa na ya kila muntu. Lakini haiwezi. Hii iko tembre. Ule muhuri unasema barua ilisafiri na tembre isitumike tena, njo ile tu. Ukikubali arusi, ukubali juu ya ile. Usikubali juu ya Kongo kukosa tembre."

Mama Agar aliiweka albamu chini juu ya mkeka.

"Weye Salomé," Mama Agar alisema, bila "mama" wala "bokilo". "Nilikuwa nimeshakubali."

"Nilisikia."

"Ungenyamaza tu."

"Ningenyamaza, ningekuwa nimekudanganya."

"Na binti yako analia kule nyumbani."

"Halii. Ingekuwa afazali alie."

Mama Agar alimkodolea macho. Kisha bega lake likaanza kutikisika, na kicheko kilichotoka kiliwafanya majirani wachungulie juu ya ua.

"Mulozi njo muntu wa kunyamaza! Nimeishi mu makambi ya hii inchi, nimeona bantu ba kila namna, sijaona mulozi wa kujiharibia mambo na mudomo wake mwenyewe! Weye? Weye hauwezi kuloga hata kuku!"

Salomé hakuipenda sababu hiyo. Bado haikuwa sababu sahihi. Mtu haachi kuwa mchawi kwa kuwa na mdomo mpana, bali kwa kuwa hakuna nyota inayofungwa katika kitabu. Alifungua kinywa.

"Usiseme!" Mama Agar alimshika mkono. "Bokilo, nakuomba. Usiseme tena kintu. Ukisema, nitafikiria upya."

Na Salomé akafunga kinywa. Alichokiona alikuwa amekisema chote, kwa maneno yaliyo wazi; kilichobaki kilikuwa kazi ya Mama Agar mwenyewe, kwa wakati wake. Alisaidia kugeuza samaki waliokuwa wameanza kuungua, akarudi mjini na wanne wakubwa wamefungwa katika gazeti, na kabla hajashuka vizuri kwenye pikipiki Glodie alikuwa ameusoma uso wake.

Walifunga ndoa wakati wa kiangazi, katika kanisa la Methodisti, Pasta Philémon akihubiri kwa ufupi kuliko kawaida yake. Baada ya chakula Mama Agar alimvuta Salomé pembeni, akafungua kibweta chake, akatoa kipande cha karatasi kilichokunjwa. Ndani yake palikuwa na stempu ya Kongo yenye picha ya ndege, imepigwa muhuri wa Mbandaka.

"Mama yangu aliniandikia. Nyota haina. Lakini muhuri iko."

"Barua iliandikiwa nani?"

"Minyi."

"Na unanipa weye mwenyewe?"

"Nani mwingine atakupa? Kamata!"

Salomé alivaa miwani. Stempu ilikuwa imebanduliwa kwa kucha, kwa haraka na kwa upendo.

"Iko muzuri?" Mama Agar aliuliza.

"Imevunjika meno mawili."

"Na minyi nimevunjika moja," Mama Agar alijibu, akafunua mdomo na kumwonyesha pengo, "na bado munanialika ku arusi."

Stempu ile iko ukurasa wa kwanza, kabla ya Grinichi. Watu wanaofungua albamu huuliza ndege yule ni wa nyota gani, na Mama Salomé huwajibu bila kuongeza chumvi kwamba si wa nyota yoyote. Ni wa mkwe wake.